Kujenga Jumuiya ya Watafiti wa Polima Tumizi Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huja kutoka kwa wahadhiri, wanafunzi wa uzamili, mafundi wa maabara na wenye viwanda vidogo vya kuchakata plastiki. Majibu ni ya mtu aliye ndani ya kazi hii na anayetamani kwa dhati kuiona ikikua huku kwetu.

Polima tumizi ni taaluma gani?

Polima ni molekuli ndefu sana, iliyoungwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia. Selulosi ya pamba na ya mkonge ni polima, mpira ni polima, na plastiki zote ni polima. Upande wa matumizi huuliza maswali ya kazini: nyenzo hii itabeba mzigo gani, itadumu juani miaka mingapi, itayeyushwa tena mara ngapi kabla ya kuchoka, na mwananchi ataimudu bei yake?

Watafiti si tunao tayari? Jumuiya ya nini tena?

Tunao, na ni wazuri. Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mafuta ya maganda ya korosho. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kinafundisha uhandisi wa nguo na nyuzi. Busitema nchini Uganda wako kwenye njia hiyohiyo. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ina watu wa sayansi ya nyenzo, na TIRDO ya Dar es Salaam na KIRDI ya Nairobi zimeundwa mahsusi kwa utafiti wa viwanda.

Kinachokosekana ni mtu kuanzia pale mwenzake alipoishia. Mwanafunzi mmoja anapima nguvu za singa (nyuzi) za mkonge Eldoret, mwingine anapima singa Dar es Salaam. Kila mmoja ana mkonge wake, amezioshea dawa kwa njia yake, amezivuta kwa mashine yake. Mwisho tunapata namba mbili ambazo hakuna anayeweza kuzilinganisha, na tasnifu mbili zinazokaa rafuni. Miaka mitatu baadaye mwanafunzi wa tatu anaanza upya kabisa. Hilo linaniuma kuliko uhaba wa fedha, kwa sababu hata fedha kidogo tulizopata tumezitumia kurudia mwanzo.

Tuanze na mada ipi?

Anzeni na nyenzo iliyo karibu nanyi, ambayo mtu nje ya chuo tayari ana shida nayo. Naona tatu zinazofaa sana kwa ukanda wetu.

Ya kwanza ni mkonge. Mmea huu uliletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, na mpaka leo Tanga ndiyo roho yake. Kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, jani linapopondwa, singa zinazopatikana ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Zilizobaki ni maji na mabaki. Kwa mtu wa polima hapo kuna maswali mawili. La kwanza ni namna ya kuzitia singa ndani ya plastiki zishikane nayo. Singa hupenda maji, plastiki kama polipropilini huyakataa, kwa hiyo usipoandaa uso wa singa, kwa kostiki soda au kwa kiunganishi cha kemikali, zitachomoka ndani ya plastiki mzigo ukija. La pili ni joto. Selulosi huanza kuharibika joto likipita nyuzijoto 200 hivi. Polipropilini huyeyuka kwenye 165 na polithilini ngumu kwenye 130, kwa hiyo zote mbili zinawezekana. Plastiki ya chupa za maji huyeyuka karibu na 255, na hapo singa zitaungua kabla kazi haijaanza. Mtu akikwambia anatengeneza mchanganyiko wa singa na chupa za maji kwa kuyeyusha, muulize anafanyaje.

Ya pili ni korosho. Ndani ya ganda kuna kimiminika kikali kinachobabua ngozi. Waulize akina mama waliobangua korosho kwa mikono watakuonyesha vidole. Kimiminika hicho hufikia robo hivi ya uzito wa ganda. Kikikamuliwa bila joto, sehemu kubwa yake ni asidi anakadiki. Kikipashwa moto vizuri, asidi hiyo hutoa kaboni dioksaidi na kugeuka kuwa kadanoli. Kadanoli ndiyo inayoingia kwenye gundi ngumu, rangi za kuzuia kutu na vitambaa vya breki za magari. Lakini korosho nyingi za Mtwara na Lindi husafirishwa zikiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam. Malighafi ya kemia inaondoka ndani ya gunia la chakula.

Ya tatu ni plastiki iliyokwishatumika. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na Rwanda ilitangulia wote mwaka 2008. Mifuko ya rambo ilipungua mitaani, lakini madumu, makopo ya maji, kreti, viti na vizibo viko palepale, na kuna maelfu ya watu wanaoishi kwa kuviokota, kuvisaga na kuviuza.

Chagueni moja. Jumuiya inayoanza na mada saba mara nyingi hubaki na orodha ya majina tu.

Mnasisitiza sana "sampuli ya pamoja", yaani maabara zote kupima nyenzo ileile. Kwa nini?

Kwa sababu ndiyo inayowaunganisha watafiti kwa kazi. Mikutano ni mizuri, lakini mkutano ukiisha kila mtu anarudi kwake. Sampuli ya pamoja inakufuata mpaka mezani.

Utaratibu wake si mgumu. Chukueni gunia moja la kilo 25 la chembechembe za polithilini, la toleo moja la kiwandani. Lichanganyeni vizuri, ligawanyeni kwenye mifuko midogo iliyofungwa na kupewa namba, kisha kila maabara ipate mfuko wake pamoja na karatasi moja ya maelekezo. Kila maabara inapima mambo matatu: msongamano, mtiririko wa plastiki iliyoyeyuka, na nguvu ya kuvutwa mpaka ikatike. Matokeo yanarudi kwa mratibu mmoja. Yeye anayapanga kwa alama za siri, ili hakuna maabara inayoaibishwa mbele za watu. Kisha mnakaa chini na kuulizana: mbona maabara C imepata nguvu kubwa kuliko wengine wote?

Hapo ndipo elimu ilipo. Mtagundua mmoja alivuta kwa kasi kubwa zaidi. Plastiki ikivutwa haraka huonekana ngumu kuliko ilivyo. Mwingine alikata vipande kwa kisu butu kikaacha meno pembeni, na ufa ukaanzia hapo. Wa tatu alipima mchana wa Februari ndani ya chumba kisicho na kiyoyozi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 291 kinataka sampuli zikae kwenye nyuzijoto 23 na unyevu wa hewa wa asilimia 50 kabla ya kupimwa, ila kinaruhusu nchi za tropiki kutumia nyuzijoto 27 na unyevu wa asilimia 65. Watu wengi kwetu hawajui kwamba ruhusa hiyo ipo. Kwa maabara ya Dar es Salaam au Mombasa, chumba cha 27 na 65 kinatunzika kwa umeme mdogo zaidi. Mkiamua wote kutumia hali hiyo, na kuiandika wazi kwenye kila ripoti, namba zenu zitaanza kuzungumza lugha moja. Kwa singa za mkonge jambo hili ni kubwa zaidi, maana hunywa maji kutoka hewani na nguvu zake hubadilika.

Mzunguko wa kwanza wa vipimo utatoa matokeo yaliyotawanyika vibaya. Msikate tamaa wala msiyafiche. Rudieni kwa gunia lilelile.

Chuo chetu hakina vifaa. Tutashirikije?

Anzeni na ndoo ya maji, na sisemi hivyo kuwafariji. Polithilini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Plastiki ya makopo ya maji ina msongamano wa 1.38 hivi, huzama. Saga chupa pamoja na kizibo chake, mwaga kwenye ndoo, koroga ili mapovu ya hewa yaondoke: vizibo vinapanda juu, chupa inakwenda chini. Plastiki ya vikombe vigumu na vifuniko vya CD, polistirini, huzama kwenye maji matupu lakini huelea ukikoleza chumvi ya kutosha. Kwa ndoo mbili mwanafunzi ameshatenganisha makundi matatu na ameelewa maana ya msongamano kwa mikono yake.

Ndoo ina mipaka pia, na mipaka hiyo ni mada nzuri za utafiti. PVC, aina nyingine ya plastiki, nayo huzama pamoja na makopo. Kidogo tu ya PVC ikiingia kwenye makopo yanayoyeyushwa kwa nyuzijoto 260 au zaidi, itaoza na kutoa asidi ya haidrokloriki, plastiki nzima igeuke rangi na mashine ianze kulika. Kwa sababu hiyohiyo msitambue plastiki kwa kuichoma na kunusa moshi, ingawa mafundi wengi hufanya hivyo.

Baada ya ndoo, kifaa cha kwanza cha kununua kwa maoni yangu ni kile cha kupima mtiririko. Ni silinda yenye joto, pistoni na mzigo wa kilo 2.16, unapima gramu ngapi za plastiki zinatoka kwa dakika 10. Polithilini hupimwa kwenye nyuzijoto 190, polipropilini kwenye 230. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na vifaa vikubwa vya maabara, na jibu lake mwenye kiwanda analielewa siku hiyohiyo.

Mfano: dumu la mafuta na kreti ya soda mara nyingi ni polithilini ngumu zote mbili, na zote zimeandikwa namba 2 ndani ya pembetatu. Mwokotaji anazipima pamoja, msagaji anazichanganya. Lakini dumu limeumbwa kwa kupulizwa hewa, na plastiki ya kupuliza imetengenezwa iwe nzito, itiririke chini ya gramu 1. Kreti imepigwa kwenye kalibu kwa shinikizo, na plastiki yake hutiririka mara kadhaa ya hapo ili ijaze kona zote. Ukizichanganya bila kujua, dumu jipya linatoka na ukuta mwembamba upande mmoja na kreti mpya inatoka na pembe zisizojaa. Kipimo kimoja cha dakika 10 kingemwokoa mtu huyo gunia zima.

Na vifaa vikubwa? Msinunue kila chuo kimoja kimoja. Mmoja anunue mashine ya kuvuta, mwingine kifaa cha kupima joto la kuyeyuka, kisha mbadilishane sampuli. Tengeni fedha za vipuri na urekebishaji wa vipimo tangu siku ya kwanza, na mumsomeshe fundi wa maabara pamoja na mhadhiri. Mashine nyingi hufia mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kufundishwa kuitunza.

Mafundi na wachakataji wana nafasi gani? Si watafiti.

Wakae mezani tangu mwanzo, na swali la kwanza la utafiti litoke kwao.

Tazameni Lamu. Mwaka 2018 ilizinduliwa hapo Flipflopi, jahazi la mita 9 hivi lililoundwa kwa plastiki iliyotumika na kufunikwa kwa vipande vya ndara zilizookotwa ufukweni. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Unguja. Kazi ya kuliunda iliongozwa na Ali Skanda, fundi wa majahazi. Mbao za plastiki hazina tabia ya mbao za miti: hutanuka zaidi juani, hupinda chini ya mzigo wa muda mrefu, na msumari haushiki vilevile. Kila tatizo hapo ni sura nzima ya kitabu cha polima, na aliyelikuta kwanza, akalazimika kulitatua kabla maji hayajaingia, ni fundi.

Kwa hiyo mtu wa kiwanda kidogo cha Keko, Dar es Salaam, au cha Kariobangi, Nairobi, akija kwenye kikao, msimpe kiti cha nyuma cha mgeni mwalikwa. Mpeni nusu saa ya kwanza aeleze kinachomharibikia. Mlipeni nauli na siku yake ya kazi, maana ninyi mshahara unaingia hata mkikaa kikaoni.

Lugha ya vikao iwe ipi?

Kiswahili kwenye vikao vyenye mafundi na wachakataji, Kiingereza kwenye makala za majarida, na Kifaransa kikihitajika kwa wenzetu wa Bujumbura na Bukavu. Karatasi ya maelekezo ya kupima iandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani kando ya mashine.

Viwanda vikubwa vitakubali kutoa taarifa zao?

Zote, hapana, na msiziombe. Kiwanda hakitakupa fomula yake. Kitakupa tatizo lake ukikihakikishia kwamba jina halitatajwa. Matangi ya maji yanayopasuka juani ni mfano mzuri. Tangi jeusi ni jeusi kwa sababu ya masizi laini ya kaboni yanayozuia mionzi ya jua isikate molekuli za polithilini. Kwenye mabomba ya maji kiasi cha kawaida ni asilimia 2 hadi 2.5. Masizi yakiwa pungufu, au yakikaa mabonge mabonge bila kusambaa, tangi litapata nyufa mapema. Ukweli huo unaweza kuchunguzwa kwa kipande kidogo chini ya hadubini bila kiwanda kufichua siri yoyote. Wekeni makubaliano ya maandishi, mafupi, yanayosema nini kitachapishwa na nini hakitachapishwa.

Ugunduzi ukipatikana, ni wa nani?

Andikeni jibu kabla ya kazi, wakati bado mnapendana. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui: ukishalitangaza jambo hadharani, hata kwenye bango la kongamano, unaweza kupoteza haki ya kupata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi), kwa sababu si jipya tena. Kwa hiyo wasilisheni maombi kwanza kwenye ofisi za hataza: BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya, au ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare, kama mnataka nchi kadhaa kwa ombi moja. Lakini msizuie kila kitu. Takwimu za sampuli ya pamoja ziwe wazi kwa wote, daima.

Je, tunahitaji vibali kuvusha sampuli mpakani?

Kwa utafiti wenyewe, mtafiti wa nje anahitaji kibali cha chombo cha taifa cha sayansi: COSTECH nchini Tanzania, NACOSTI nchini Kenya au UNCST nchini Uganda. Sampuli za mimea zina masharti yake, kwa hiyo singa na maganda ya korosho ziwe na mkataba wa kuhamisha sampuli na cheti cha afya ya mimea pale kinapotakiwa. Chembechembe za plastiki kilo mbili hupita kwa urahisi zaidi kuliko taka za plastiki. Andikeni wazi kwenye karatasi kwamba ni sampuli za maabara, zisizouzwa. Ombeni mapema.

Wengine duniani walifanyaje?

Hermann Staudinger alichapisha hoja yake ya molekuli ndefu mwaka 1920 huku wakemia wakubwa wa Ujerumani wakiikataa. Nobeli aliipata mwaka 1953. Taaluma hii yenyewe ilikua kwa watu wachache waliovumilia pamoja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Brooklyn. Herman Mark, mkemia wa Vienna aliyekimbia nchi yake mwaka 1938 baada ya Wanazi kuingia, alifika New York mwaka 1940. Mwaka 1946 akaanzisha kwenye chuo cha ufundi cha Brooklyn taasisi ya utafiti wa polima, ya kwanza ya aina yake katika vyuo vya Marekani. Kilichoikuza ni mihadhara ya Jumamosi iliyokuwa wazi, ambako wakemia wa viwandani, wanafunzi na wageni walikaa chumba kimoja. Jumamosi ilikuwa na maana yake, kwa kuwa watu wa viwandani hawapati nafasi Jumanne saa nne asubuhi. Wahadhiri wetu walifikirie hilo wanapopanga ratiba.

India ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1968, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ilianzisha Madras chuo cha uhandisi wa plastiki, CIPET, kilichoweka uzito kwenye mafundi wa kalibu na wapimaji. Leo kina matawi nchi nzima. Kwetu njia zote mbili zinahitajika, ila tukilazimika kuchagua, mimi naanza na mafundi.

Fedha zitatoka wapi?

Mwanzoni, mifukoni mwenu kwa maana ya muda na sampuli. Mzunguko wa vipimo hauhitaji ruzuku kubwa. Baadaye ombeni COSTECH, Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya, na Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki yenye makao Kigali. Mkiwa na jedwali moja la matokeo kutoka maabara tano za nchi tatu, ombi lenu lina uzito ambao barua ya nia njema haina. Vipimo vya kulipia kwa viwanda pia vitasaidia, mradi visimeze muda wa wanafunzi.

Wenzetu walioko Ulaya, Marekani na Ghuba wasaidieje?

Wachukue sehemu ya sampuli ileile na kuipima kwa vifaa ambavyo hatuna, kisha warudishe takwimu ghafi, siyo grafu tu. Wakubali kuwa wasimamizi wa pili wa wanafunzi. Mashine kuukuu wanazotaka kutuma waulize kwanza kama vipuri vyake bado vinatengenezwa.

Tunahitaji katiba, mwenyekiti na usajili?

Baadaye. Kwa mwaka wa kwanza anahitajika mratibu mmoja mwaminifu, mtunza takwimu mmoja, na stoo kavu ya kuhifadhi sampuli. Nimeona vikundi vikimaliza nguvu zote kwenye uchaguzi wa viongozi kabla hata gramu moja haijapimwa.

Wanafunzi wakihitimu na kuondoka, si kazi inakufa?

Inakufa kama yote yalikuwa kichwani mwao. Kila mwanafunzi kabla ya kuondoka aache vitu vitatu: sampuli zilizobaki zikiwa na lebo ya tarehe na chanzo, daftari la maabara, na wiki mbili za kufanya kazi bega kwa bega na anayempokea. Msimamizi asitie saini tasnifu mpaka vitu hivyo viwe stoo. Waliohitimu wakaajiriwa viwandani msiwahesabu kuwa wamepotea. Hao ndio watakaowafungulia milango.

Tutajuaje kwamba jumuiya inafanya kazi?

Angalieni dalili tatu. Tofauti kati ya maabara kwenye sampuli ileile inapungua kila mzunguko. Tasnifu mpya zinatumia takwimu za tasnifu za vyuo jirani, na wenyewe wanatajwa kwa majina. Na mwenye mashine ya kusaga plastiki anampigia simu mtafiti kabla ya kununua tani ya mzigo, anamtumia kipande, na anapata jibu kabla lori halijaondoka.